Puli Iliyogeuka Sufuria

Juma lililopita, wanangu, mlinialika shuleni kwenu nije niwasimulie kazi ya mekanika. Mlinipa kiti cha plastiki mbele ya darasa na chupa ya maji, na mwalimu wenu, kijana mwenye adabu zake, akanitambulisha: "Huyu njo Papa Bisimwa, mwalimu wa bricolage katika Bagira nzima." Mkapiga makofi. Nikajibu maswali mawili matatu, tukapiga picha pamoja, nikarudi nyumbani nimevimba mashavu. Mke wangu aliniuliza kama nimeng'olewa jino.

Bricolage! Yaani kuungaunga tu! Kufunga bampa kwa waya ni bricolage. Kuziba tangi kwa sabuni ili ufike nyumbani ni bricolage, na hata hiyo ina ustadi wake, maana sabuni ya unga haizibi kitu, ni ile ya kipande. Lakini mtu akichukua kompresa ya gari ya kifahari, akaipachika kwenye injini ya pikapu ambayo haikuumbwa kuwa nayo, akaunda mwenyewe puli, miguu, bomba na kizibo, na gari ikapanda mlima kwenda kumchukua mgonjwa, kazi hiyo inaitwa kutengeneza. Nimeshika daftari niwaandikie yale ambayo hasira ilinizuia kuyasema siku ile.

Kwanza tuelewane juu ya hiyo kompresa, kwa sababu mmoja wenu, yule mrefu aliyeketi karibu na dirisha, aliiita turbo. Si turbo! Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Kompresa inazungushwa na mkanda, kama dinamo. Ndani yake mna vyuma viwili vinene vinavyozunguka vikipishana bila kugusana, na kazi yao ni kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Huku kwetu Bukavu, milimani, hewa ni nyepesi na kila injini inapumua kwa shida. Mlijue hilo kabla ya kumwambia mwenye gari kwamba hajui kuendesha.

Gari yenyewe ilikuwa pikapu ya Kijapani ya parokia moja, imezeeka, pete za pistoni zimelika. Kazi yake ilikuwa kupanda milima ya Kabare, juu ya Kasha, hadi kwenye kituo kidogo cha afya, na kuwateremsha wagonjwa hospitalini mjini. Wengi walikuwa wanawake ambao mtoto amekwama tumboni. Dereva alikuwa Chirhuza, mtu mwembamba mwenye mdomo usiochoka. Katika njia ile kulikuwa na kona moja ya mwinuko tuliyoiita Mukwe, yaani mkwe, kwa sababu ilikuaibisha mbele za watu. Pikapu ilikuwa ikifika pale inachemka na kurudi nyuma, watu wanakimbia kutia mawe chini ya magurudumu.

Wakati wa amani wanaume wa kilima walikuwa wakimteremsha mgonjwa kwa tipoyi, machela ya miti ambayo watu wanne wanabeba mabegani. Vita vilipokuja wanaume wenye mabega walitoroka, maana kila mwenye bunduki alikuwa akiwakamata wamchukulie mizigo. Kilima kikabaki na wanawake, wazee na ile pikapu.

Siku moja Chirhuza alikuja kwenye uwanja wangu akaketi juu ya tairi.

"Papa Bisimwa, jana nimerudia bila mugonjwa. Gari imekatala kwa Mukwe. Na ule maman amefia kule juu."

Maneno hayo tu, akainuka akaenda. Kwa Chirhuza hiyo ilikuwa zaidi ya kulia.

Kwenye kona ya uwanja wangu kulikuwa na injini ya gari ya kifahari, iliyoletwa kutoka Kampala na mfanyabiashara ambaye alikimbia vita kabla ya kuichukua. Ilikuwa na kompresa ubavuni. Kwa miezi nilikuwa naitazama tu, kama mtu anavyotazama suti ya marehemu. Siku ile nikachukua spana nikaifungua.

Miguu ya kuishikilia niliikata kwenye jani la springi ya lori, maana chuma cha kawaida kinapinda mkanda ukivuta. Bomba lilitoka kwenye pampu ya maji iliyokufa. Gasketi niliikata kwenye katoni ya bia, nikailoweka katika mafuta ya injini mpaka ikalegea. Msicheke, ilikaa miaka. Mkanda ulitoka kwenye kinu cha mahindi. Kabureta niliiweka mbele ya kompresa ili imeze hewa na petroli kwa pamoja, na hapo nikafanya kosa la kwanza. Sikufikiri kwamba injini ikipiga chafya moto unarudi ndani ya kompresa iliyojaa petroli. Ikapiga chafya. Bomba likaruka ukuta wa jirani, nami nikabaki sina nyusi. Chirhuza alicheka mpaka akaketi chini. Baada ya hapo niliweka kizibo chenye springi, kinachofunguka chenyewe presha ikija ghafla. Kabla ya kuiongezea injini nguvu, iandalie kwanza pa kutokea ikikasirika.

Kosa la pili lilikuwa la tamaa. Puli, lile gurudumu linaloshika mkanda, ikiwa ndogo inaizungusha kompresa mbio, ikiwa kubwa inaizungusha polepole. Nikataka mbio. Lakini petroli ya wakati ule ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa, na injini ikaanza kugonga kama mtu anayevunja kokoto. Ungeendelea saa moja ungetoboa pistoni. Marehemu Muzee Kahasha, aliyenifundisha kazi katika kiwanda cha chai, alikuwa akinipiga vidole kwa spana nikikaza bolti kabla ya kujiuliza kwa nini ililegea. Nikakumbuka vile vidole. Nikarudisha nyuma kidogo wakati wa cheche, nikaamua kuunda puli kubwa zaidi.

Ndipo anapoingia Mushagalusa. Huyu alikuwa fundi wa kuyeyusha aluminiamu, pale chini Kasha, dakika tano kwa miguu kutoka kwangu. Alikuwa anatengeneza marmite, zile sufuria nene ambazo mama zenu wamewapikia maharage. Mikono yake ilikuwa na makovu mpaka viwikoni, kwa sababu mchanga wa kalibu, ule unaomwagiwa chuma, ukiwa na maji mengi unarusha chuma juu. Unatakiwa uubane mkononi: ukishikamana bila kuacha majimaji kiganjani, uko sawa. Kielelezo cha mti, kile kinachochapa umbo katika mchanga, unakifanya kikubwa kidogo, kwa kila shubiri unaongeza unene wa sarafu, maana aluminiamu ikipoa inanywea.

Puli ya kwanza alinitengenezea kwa fremu za madirisha. Ilikuwa inang'aa vizuri sana. Kwa juma moja tu tundu la kati lililika, puli ikacheza kwenye mhimili wake kama kofia kubwa kichwani. Nilimrudishia nikiwa na maneno makali. Akaichukua, akaipiga nyundo, ikapinda bila kuvunjika.

"Hii iko laini sababu ni ya madirisha," akasema. "Uniletee mapistoni. Pistoni inavunjika sawa biskuti, lakini hailike."

Tukayeyusha pistoni, na puli ile ikawa chuma cha kweli. Siku pikapu ilipopanda Mukwe bila kusimama, kompresa ikipiga mluzi wake mwembamba, Chirhuza aliwapungia mkono hata mbuzi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichemsha mpaka leo. Wale waliotawala mji wakati ule, wenye bunduki na mihuri, walikuwa wakichukua kila gari yenye nguvu. Walisema ni ya kazi ya jeshi. Gari ya daktari, ya mwalimu, ya mfu aliyekuwa njiani kwenda makaburini, wao walichukua. Hukuweza kukataa. Ulichoweza ni kuwa na gari ambayo haiendi. Basi watu wa Bukavu wakajifunza kuzivua gari zao viungo. Huyu alilala na pampu ya injeksheni chini ya kitanda, yule alificha kofia ya delko, ile inayogawa cheche, katika gunia la maharage. Na wengi walileta kwangu. Mimi nilikuwa kabati la mji. Nilikuwa na viungo vya gari kumi na tatu, bila karatasi na bila alama hata moja, kwa sababu karatasi ingemtaja mwenye mali. Vyote vilikuwa kichwani mwangu. Nilijivunia hicho kichwa kupita kiasi.

Pikapu ya parokia ilikuwa rahisi kuliko zote. Nilikuwa nimeifunga puli kwa pini moja. Ukivuta pini na kulegeza mkanda, puli inatoka kwa dakika kumi. Bila puli kompresa haizungushwi, na injini inalazimika kuvuta pumzi kupitia mashine iliyolala. Ilikuwa inakohoa, inatembea kwenye tambarare, lakini mwinuko haiwezi. Kwa hiyo puli ilikaa kwangu, na Chirhuza akiitwa kilimani tunaifunga, anapanda, akirudi tunaivua.

Siku moja kamanda mmoja alikuja kuichukua. Akaketi mwenyewe kwenye usukani, akajaribu mwinuko wa Bagira. Gari ikafika katikati, ikatetemeka, ikazima. Akashuka akaipiga teke.

"Oyo eza motuka te, eza ebembe!"

Yaani hiyo si gari, ni maiti. Askari wakacheka, wakaondoka. Tangu siku ile jina likawa Maiti, na Chirhuza akalipenda. Alikuwa akienda kwenye vilabu vya kasigisi, pombe ya ndizi, akinunua kikombe, anaanza: "Ile Maiti yetu imeoza kabisa. Hata kushuka inashukaka tu kwa neema ya Mungu." Sokoni, kanisani, njiani, kwa kila mtu wa kilima aliyekutana naye, aliapa kwamba gari imekufa. Mimi nilikuwa nikimsaidia. Nikiulizwa natikisa kichwa kwa huzuni, na nilifanya vizuri, wanangu, ningeweza kuigiza katika maigizo. Aliyejua kweli kule juu alikuwa mmoja tu, Maman Espérance, muuguzi wa kituo. Ikiwa kuna mgonjwa wa kuteremshwa, yeye ndiye aliyetuma karatasi.

Halafu mtu akatuchongea. Askari wakaanza kupekua gereji. Fundi mmoja jirani yangu walimwaga sanduku zake zote barabarani, wakamfunga siku mbili. Nikaona zamu yangu inakuja. Nikafikiri: ni wapi chuma kinaweza kulala bila kuonekana? Katika rundo la chuma! Asubuhi hiyohiyo nikachukua toroli, nikapeleka viungo vyote kwa Mushagalusa, nikavitia katika kona ya rundo lake la vyuma chakavu. Nilikuwa nimefurahi kwa akili yangu.

Nikamwambia: "Bintu byangu biko mu kona ile."

"Bintu gani?"

"Bintu tu. Usiulize, ukiulizwa usiwe na la kusema."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Hayo ndiyo maneno yote niliyompa.

Siku tatu baadaye mama mkwe wake Mushagalusa alifariki huko Katana, naye akaenda kwenye kilio. Kabla ya hapo alikuwa amepokea kazi ya marmite nyingi kwa ajili ya watu waliohamishwa na vita, waliokuwa wamelala kwenye mahema upande wa Kavumu. Watu wale walikuwa wakipika kwenye makopo. Kazi ilikuwa ya haraka, basi akamwachia mdogo wake tanuri na kumwambia amalize rundo. Mdogo wake akamaliza rundo. Vyuma vya pua alivitupa kando, kwa hiyo viungo vingi vilisalimika, maana aluminiamu ndiyo aliyoitaka. Puli yangu ilikuwa aluminiamu.

Siku Mushagalusa alipokuwa bado Katana, ilikuwa saa mbili asubuhi, mwanamke mmoja alishuka kutoka kilimani na karatasi ya Maman Espérance. "Mama wa mimba ya kwanza. Siku mbili za uchungu. Amefika kwangu sasa hivi. Moyo wa mtoto unapiga bado. Njoo mbio." Chirhuza akaiwasha gari, mimi nikakimbia Kasha kuchukua puli.

Nilipekua kona ile kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Mdogo wake Mushagalusa alisimama nyuma yangu akiwa na koleo.

"Papa, munatafuta nini?"

"Puli! Kintu ya mviringo, ya aluminium, yenye mufereji!"

Akanyoosha kidole kwenye ukuta. Kulikuwa na marmite ishirini na kitu zimepangwa, bado zina mchanga.

"Itakuwa mu moja ya hizi," akasema.

Nilimtukana, nikamtukana na kaka yake aliyekuwa kwenye msiba, Mungu anisamehe, nikamtukana hata marehemu. Nikachukua marmite moja nikaipiga sakafuni. Yule kijana ndiye aliyerudi kwenye akili kabla yangu. Aliuliza kama kielelezo cha mti bado ninacho. Nilikuwa nacho. Pistoni hazikuwapo hata moja, zote zilikuwa zimeshaingia kwenye sufuria. Tukavunja marmite nne, tukazirudisha motoni.

Kuyeyusha, kumwaga, kungoja ipoe, hiyo ilikula mpaka saa sita. Ukiitoa kalibuni mapema inapasuka, huwezi kuibembeleza. Kisha ilibidi ichongwe iwe duara kamili, na umeme wa mji ulikuwa umekatika, mashine ya kuchongea imelala. Hapa, wanangu, chukueni kalamu. Niliinua gurudumu moja la nyuma la Maiti kwa jeki, nikalitoa, nikaifunga puli mbichi mahali pa gurudumu. Lile jingine likabaki chini limezibwa mawe. Chirhuza akatia gia ya kwanza, puli ikazunguka. Nikaegemeza tupa lililonolewa juu ya kipande cha reli, nikalisukuma taratibu. Gari ikajitengenezea kiungo chake yenyewe. Tundu la katikati nililichimba kwa keke huku puli ikizunguka, ndiyo njia pekee ya kupata katikati bila mashine. Tundu la pini sikulichimba. Saa zilikuwa zinaniangalia. Nikaiingiza kwenye mhimili kwa nyundo, ikabana.

Saa tisa tuliondoka. Nilipanda pamoja na Chirhuza, kwa sababu sikuiamini puli ya sufuria. Ilikuwa inatikisika, mkanda unanuka, kompresa inapiga mluzi wenye mawimbi. Mukwe tuliipita kwa gia ya pili. Sikuwahi kuwa na furaha na hofu za namna ile kwa pamoja.

Mama yule alikuwa mdogo, jina lake Nabintu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, Maman Espérance akapiga magoti kando yake. Tukashuka. Chini ya kilima, watu walitwambia njiani, askari walikuwa wameweka kizuizi tangu tupite, na mluzi wa kompresa unasikika mbali. Tulisimama kabla ya kona tuivue puli. Haikutoka! Ilikuwa imebana kwenye mhimili, pini hakuna ya kuvuta. Niliigonga, nikaimwagia maji, nikaigonga tena. Mwanamke analia nyuma yetu, sisi wanaume wawili tunapigana na puli ili gari ionekane mbovu! Mnaelewa ninachosema? Hiyo ndiyo nchi waliyotupa. Mwishowe nikatoa kisu nikaukata mkanda, mkanda pekee tuliokuwa nao. Tukapita kizuizini tukikohoa, na askari wakapiga kelele za furaha: "Maiti! Maiti inapita!"

Hospitalini walimpasua jioni ileile. Nabintu akapona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa, na daktari alisema haikuwa zamani, labda saa chache.

Saa chache. Nilizihesabu. Kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, nusu siku nzima niliyoipoteza nikitengeneza puli niliyokuwa nayo tayari. Mushagalusa aliporudi kutoka Katana alikuja kwangu na kofia mkononi. Sikumwacha afungue mdomo. Nilimwambia mbele ya watu kwamba amempika mtoto wa mtu katika marmite. Nayaandika maneno hayo jinsi nilivyoyasema ili mjue mzee wenu ni mtu wa namna gani. Akavaa kofia yake akaenda. Kuanzia siku ile sikumsalimia tena, hata Misa ya Pasaka, hata kwenye mazishi. Puli iliyofuata, ya pistoni, nilienda kuitengenezesha Kadutu, nikivuka mji mzima ili nisipite mlangoni kwake. Kwa mkanda mwingine wa kinu, Maiti iliendelea kupanda kilima mpaka vita vikaisha.

Miaka ilipita mingi. Siku moja mwanamke mnene mwenye kitenge kizuri aliingia uwanjani kwangu na puli ya kinu iliyovunjika.

"Papa, minaomba munitengenezee hii. Miye niko na moulin kule juu."

Nikamwambia kuchonga nitachonga, lakini ya kuyeyushwa apeleke Kadutu.

"Kadutu? Na Papa Mushagalusa iko hapa chini?"

"Ule hatusemeshanake."

Akanitazama. "Papa, hamunijue? Miye njo Nabintu. Mulinileta na Maiti."

Nikampa kiti. Na kwa kuwa ni yeye, nikamweleza yote: rundo, sufuria, nusu siku. Sauti yangu ilipanda kama kwamba jambo limetokea jana. Nilitaka amkasirikie Mushagalusa pamoja nami. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Nusu siku, Papa?" akasema. "Siye tulikaa siku mbili ku nyumba. Mama mukwe wangu alisema twende kwa Maman Espérance mapema, ataita gari. Bwana yangu akasema gari gani, Chirhuza ameapa mbele ya batu Maiti imekufa, na weye mwenyewe alikuuliza ku soko, ukatikisa kichwa. Basi tukangojea tu. Siku ya tatu njo mama mukwe alinibeba ku mugongo mupaka kwa Maman Espérance. Kama tungejua gari iko muzima, tungeshuka siku ya kwanza."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasahihisha hesabu tu.

Nilimkumbuka mume wake. Kijana mmoja aliyenisimamisha sokoni, mwenye kofia mkononi, aliuliza kwa upole kama kweli gari ya parokia haiendi tena. Nilikuwa nimeona askari wawili nyuma yake, nikaweka ile huzuni yangu usoni. Hakuwa ameniambia kwamba mke wake ni mjamzito. Nami sikuwa nimeuliza.

Niliondoka bila kuvaa hata koti, Nabintu akinifuata na puli yake, nikaenda kwa Mushagalusa. Alikuwa ameketi kwenye benchi, amezeeka, akisugua marmite kwa msasa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alisubiri nimalize.

"Minajuaka," akasema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mwaka ule ule. Bwana yake alikuja kununua marmite hapa, akanielezea."

"Na ukanyamaza? Miaka yote hii nakutukana, na unajua?"

"Ulikuwa unakasirikia miye, Bisimwa, na kesho yake unaamuka unaenda kutengeneza ile gari. Kama ungejua ni sababu ya midomo yenu, ungelala ku kitanda. Na gari, nani angeitengeneza? Chirhuza?"

Nilimpigia kelele hata hivyo, kwa sababu aliniacha nimchukie bure, na kwa sababu kuna watu waliotufanya tuizushie kifo gari nzima, na hao hawajawahi kuketi kwenye benchi kama lile kusikia walichofanya. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka na watu wakatoka milangoni. Mushagalusa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapokea puli iliyovunjika mkononi mwa Nabintu, akaigeuza huku na huku, akaniuliza kama nina pistoni.